Nati Iliyochomelewa

Lori lilianza kuvuta kulia kabla Elphas hajafika Bahra, nje kidogo ya Jeddah. Mwanzoni alidhani ni upepo, maana siku hiyo upepo ulikuwa ukisukuma mchanga kuvuka barabara, na trela lenye marumaru huyumba kidogo linapopigwa ubavuni. Lakini upepo ulitulia na usukani ukaendelea kumvuta mkono. Akiukata kushoto, ulikuwa mzito. Akiukata kulia, ulikuwa mwepesi kupita kiasi, kisha ukakataa kurudi wenyewe mpaka aurudishe yeye kwa nguvu. Na hapo katikati palikuwa na nafasi tupu, unazungusha mkono na magurudumu hayana habari kwamba umeyaambia kitu.

Elphas alikuwa mtu wa Webuye, mrefu na mkimya, dereva wa miaka kumi na tisa. Kumi na mitatu aliimalizia kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malaba, sita ilikuwa ya huku Saudia. Lori hili alikuwa amelishika miaka minne, na halikuwahi kumfanyia hivi. Lilikuwa limetoka gereji jana yake.

Lilikuwa limeingia gereji kwa jambo dogo tu: boksi la usukani lilikuwa likivuja oili. Fundi aliyelipokea alikuwa Yassir, Mzanzibari wa makamo, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, aliyekuwa akifanya kazi katika gereji ya bosi huyohuyo, nyuma ya yadi, kusini mwa Jeddah. Alikaa nalo siku tatu. Alipomkabidhi Elphas ufunguo hakumtazama usoni. Alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Hapa mjini nenda nalo polepole, ndugu yangu."

Elphas aliyachukua maneno hayo kama adabu za watu wa Unguja, ambao hata kukuonyesha njia ya choo hukuombea heri kwanza. Lakini jioni hiyohiyo bosi alimpigia simu kumwambia apakie mzigo wa Riyadh. Sasa, akiwa njiani, maneno ya Yassir yalimrudia. Kwa nini fundi aliyebadilisha sili ya kuzuia oili tu amwambie dereva wa miaka kumi na tisa aende polepole? Na kwa nini alisema mjini?

Alikata kona penye kibao kinachowaelekeza wasio Waislamu kuizunguka Makka, akapanda mlima wa As-Sayl kwa gia ya chini, na akafika Riyadh akiwa amechelewa nusu siku, mabega yakimuuma kama mtu aliyeshinda akivuta ng'ombe kwa kamba.

Aliporudi Jeddah alilipeleka lori moja kwa moja gereji. Yassir alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo Elphas hakulitarajia.

"Ulikwenda nalo wapi?"

"Riyadh."

Yassir alilitazama lori, akaitazama ofisi ya bosi ng'ambo ya yadi, akasema ataliangalia. Baada ya kitambo Elphas alimwona amesimama mlangoni pa ofisi akizungumza na bosi. Bosi, ambaye wafanyakazi walimwita baba na watu wengine walimwita Abu Rakan, alikuwa akitikisa mkono kama anayefukuza nzi. Kiarabu cha Elphas kilikuwa cha vituo vya mafuta na vizuizi vya polisi tu, akaambulia "mafi", yaani hakuna, mara mbili na "halas", yaani basi, mara moja. Aliposogea karibu, wote wawili walinyamaza. Bosi alitabasamu, akamwambia hakuna tatizo, fundi atakaza hapa na pale, na kesho ni kazi za bandarini.

Kunyamaza kule ndiko kulikomkaa moyoni. Watu huzungumza, na mtu mwingine akija huendelea kuzungumza, isipokuwa yale mazungumzo yawe yanamhusu.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Wiki mbili kabla boksi lile halijafunguliwa, Elphas alikuwa ameingia kwenye mtandao wa wizara na kuomba kuhamia kampuni moja ya Riyadh. Mwaka huo sheria ilikuwa imelegea. Mfanyakazi aliyemaliza mwaka angeweza kumwacha kafili wake, mwajiri anayemdhamini, bila kumpigia magoti, mradi atoe notisi ya siku tisini. Bosi aliipata taarifa kwenye simu yake. Hakugomba. Alisema tu, "Sawa, Elphas," kisha asilizungumzie tena, na Elphas aliona heri angegomba.

Chumba cha Elphas kilikuwa mtaa wa Al-Mahjar, orofa ya tatu, na aliyelala kitanda cha pili alikuwa Abel, mtu wa Kisii, dereva wa bosi huyohuyo. Elphas alipomweleza habari za usukani, Abel aliendelea kusonga ugali bila kugeuka, kisha akaanza kuyaunganisha. Notisi imeingia, lori likaingia gereji. Lori likatoka limeharibika. Likianguka njiani, nani atasemwa? Dereva. Na dereva mwenye kesi ya ajali haendi kokote, sheria iwe imelegea au haijalegea. Abel alisema hamsingizii mtu, anahesabu tu matukio yalivyofuatana. Lakini akaongeza kwamba Yassir ana mwezi wa pili ikama yake, kibali cha kuishi nchini, imeisha na bosi hajaitengeneza, na mtu wa namna hiyo akiambiwa fanya, atafanya.

Kuanzia siku hiyo Elphas alilala na ufunguo chini ya mto. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alizunguka lori akigonga nati za magurudumu kwa spana na kuusikiliza mlio wake. Yassir alipompa salamu, aliitika na kupita. Siku moja fundi alimfuata mpaka penye ngazi ya lori kana kwamba ana neno, akabaki akipangusa mikono, na Elphas akafunga mlango. Baadaye alijiuliza kama alifanya vyema. Lakini wakati ule alijiambia kwamba mtu mwenye neno jema halimkwami kooni.

Kazi za bandarini zilidumu siku nne. Siku ya tano bosi alipiga simu tena: marumaru, Riyadh.

Elphas alisema usukani bado si mzuri. Bosi alijibu kwamba fundi ameshaukaza, na kwamba kama Elphas hataki kazi aandike barua aseme hataki kazi. Elphas aliwaza kuhusu zile siku tisini, akapakia.

Alikuwa kwenye kona za As-Sayl, saa nne asubuhi, jua limeshika kioo, pale lori lilipoacha kumsikia. Alizungusha usukani kushoto karibu nusu mzunguko, na lori likaendelea kwenda moja kwa moja kuelekea ukingoni. Halafu kitu kilishika huko chini, likaruka kushoto ghafla na kuingia njia ya pili. Kando yake kulikuwa na gari dogo jeupe linaloendeshwa na mwanamke, na watoto wawili wamekaa nyuma. Mwanamke yule alipiga honi ndefu na kukwepa kwa upana wa kiganja. Elphas aliuona uso wa mtoto mmoja dirishani, mdomo wazi, kisha gari likapita likaenda zake.

Aliegesha alipopata nafasi, akashuka. Alikaa kwenye kivuli cha tairi mpaka jasho likamkauka. Hakuwaza juu ya mkewe Selipher na wanawe kule Webuye, kama watu wanavyosema huwa. Alikuwa akimuwaza Yassir akifuta mikono kwa kitambaa.

Safari iliyobaki aliitambaa pembeni ya barabara kwa mwendo wa baiskeli. Alipomaliza kushusha mzigo Riyadh, hakumpigia bosi. Alikwenda eneo la magereji, kusini mwa mji, kwa mtu wa Kisumu aitwaye Jackton ambaye dereva mmoja alimwelekeza kwake. Jackton alifanya kazi peke yake katika banda lenye shimo la kuingia chini ya magari. Alishuka shimoni na kukaa huko muda mrefu. Alipotoka alimwuliza Elphas alikotoka nalo.

"Jeddah."

"Hii boksi si ya hii gari," Jackton akasema. "Ni ya modeli ya zamani. Wamekata mabano wakachomelea ndiyo ikae. Na nati inayoshika mkono wa usukani haina meno tena. Imeshikwa na kuchomelewa tu."

Elphas alimtazama. Fundi wa mji mgeni hakosi la kukuonyesha, hilo alilijua tangu enzi za Malaba. Mtu anakuja na tairi anaondoka ameambiwa injini imekufa. Basi akaomba tochi, akashuka mwenyewe. Aliliona boksi limepakwa rangi nyeusi mbichi, na mahali pa namba pamesagwa pakawa laini. Aliiona nati, na juu yake donge la chuma cha kuchomelea, na kwenye donge hilo ufa mwembamba kama unywele. Aliugusa kwa ukucha. Ukucha uliingia.

Alipiga picha na kumtumia bosi. Jibu lilikuja kwa sauti. Bosi alisema kila lori lina uchafu chini yake, kesho kuna mzigo wa kurudi, alilete gari. Kisha, bila kupandisha sauti, akamkumbusha kwamba dereva anayeacha gari la watu Riyadh na kutoonekana kazini ana jina lake, na kwamba yeye anajua mahali pa kuliandika. Alikuwa akisema huruub. Mfanyakazi akishaandikwa hivyo ni mtoro mbele ya serikali, na ombi lake la kuhama linakufa papo hapo.

Hapo ndipo Elphas alipoona vizuri jinsi alivyobanwa. Akiliendesha, litamuua au litamfanya aue mtu. Asipoliendesha, ni mtoro. Alikuwa bado amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwaza, simu ilipolia tena. Alikuwa Yassir.

"Elphas, usiliondoe hilo gari hapo lilipo."

"Nani amekuambia niko Riyadh?"

"Abel. Mie nilijua la bandarini tu. Wallahi mara zote mbili niliambiwa la bandarini."

Akaanza kueleza harakaharaka, kama mtu anayeogopa simu itakatika. Boksi la asili halikuwa na ubaya wowote ila sili. Lakini bosi alikuwa amelipatia mnunuzi, akaagiza litolewe, na mahali pake liwekwe lile la lori bovu lililokuwa nyuma ya yadi. Yassir alikataa. Bosi akamwuliza anataka ikama au hataki. Akamwambia gari litatembea bandarini tu, mwendo wa kobe, mpaka jingine lipatikane. Elphas aliporudi kutoka Riyadh mara ya kwanza, nati ilikuwa imeshalegea na meno yamekwisha, na bosi hakutaka kununua hata nati. Yassir akaichomelea.

Elphas alisikiliza yote. Aliyasikia na hakuyaamini, maana alikuwa ameshapiga hesabu nyingine kichwani. Nani anafaidika yeye akilala Riyadh bila kuondoka? Bosi. Na nani anamwomba asiondoke? Fundi wa bosi.

"Uliiweka wewe kwa mkono wako," akasema. "Sasa unaniambia nisiiguse, ndiyo niandikwe mtoro. Kama ni ukweli, kuja uniambie hapa, nikikuangalia."

Akakata simu. Alijua Yassir hatakuja. Mtu ambaye ikama yake imekufa hasafiri kilomita mia tisa akipita vizuizi vya polisi.

Jackton ndiye aliyempa njia ya kujilinda. Alimwandikia karatasi yenye muhuri kwamba lori liko kwenye banda lake na halifai kutembea, Elphas akampelekea bosi picha ya karatasi hiyo. Kisha kila asubuhi na kila alasiri akajipiga picha amesimama kando ya lori, namba ikionekana, akaituma pamoja na maneno yaleyale: niko kazini, lori liko hapa, naomba kifaa. Bosi alikuwa akizifungua bila kujibu. Elphas alilala ndani ya kichwa cha lori. Hata Jackton naye, Elphas alianza kumtilia shaka. Mbona anasaidia hivi, na hajataja malipo? Siku ya pili alimwuliza waziwazi. Jackton alicheka kidogo, akasema aliwahi kupoteza kaka kwa breki iliyotengenezwa na mtu aliyesema itafika tu.

Siku ya tatu, saa nane mchana, lori la Abel liliingia uwanjani. Abel alikuwa amepewa mzigo wa Riyadh. Mlango wa pili ulifunguliwa akashuka Yassir, taratibu, akiwa amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa blanketi na kamba. Alikiweka chini miguuni pa Elphas, akakifungua. Lilikuwa boksi la asili. Elphas alilitambua kwa pengo dogo alilolitia mwenyewe kwa mpini wa jeki.

"Mnunuzi alikuwa aje Alhamisi," Yassir akasema. "Sili nishaibadilisha. Nati nimekuja nayo mpya."

Elphas hakumpa mkono. Alimtazama Yassir, akamtazama Abel, na wazo likampitia kwamba huenda sasa ni wawili. Abel, ambaye ndiye aliyemfundisha kushuku, alikwepa macho yake, akasema tu kwamba wamepita vizuizi viwili na mzee wa watu alikuwa akitetemeka mpaka kiti kikatikisika.

Kazi ilichukua alasiri yote. Elphas alikaa shimoni nao. Kila nati iliyoingia alitaka kuiona kwanza mkononi. Kila iliyokazwa alimwomba Jackton aikaze tena, na Jackton alipotoka kunywa maji, kazi ilisimama mpaka arudi. Yassir hakukasirika. Alisogea pembeni kila mara, akampisha. Walipotoa mkono wa usukani, ile nati iliyochomelewa ilianguka yenyewe, vipande viwili, na wote wanne wakaitazama pale kwenye mafuta. Yassir aligeuka, akauelekea ukuta wa shimo, na Elphas akaona mabega yake yakipanda na kushuka.

Wakati wa chai ndipo Jackton alipomwuliza Yassir habari za ikama. Aliposikia imeisha miezi miwili, alishangaa kwamba Yassir hajui haki yake. Ikama ikiisha na kafili asiitengeneze, alisema, sheria ya sasa inamruhusu mfanyakazi kuhama bila kumwuliza. Yassir alidhani anadhihakiwa. Jackton akachukua simu, akamwonyesha kwa Kiarabu, na Yassir aliyekisoma vizuri zaidi yao wote alisoma mistari ile mara mbili, kisha akairudisha simu taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Miezi miwili alikuwa akiburutwa kwa kamba ambayo mwisho wake haukufungwa popote.

Elphas alikuwa bado hajaridhika.

"Utarudi na mimi," akamwambia. "Utakaa hapo kando yangu mpaka Jeddah."

"Nilikuja nikijua hivyo," Yassir akajibu.

Waliondoka alfajiri na mzigo wa kurudi. Usukani ulikuwa mtulivu, ukienda na kurudi kama zamani, lakini Elphas aliushika kama mtu aliyeshika mkono wa mgeni. Walipokaribia Taif aliuliza lile lililokuwa likimkereketa tangu siku ya kwanza.

"Alitaka nife?"

Yassir alifikiri kabla ya kujibu. "Hakutaka ufe. Wala hakutaka upone. Hakukufikiria kabisa. Aliona boksi lina mnunuzi na gari lina safari, basi."

Elphas alitamani jibu lingekuwa jingine. Ukichukiwa, angalau kuna mtu anayekujua. Wiki nzima alikuwa amejijengea adui aliyekaa ofisini akimpangia mauti, na kumbe hapakuwa na mtu aliyekuwa akimpangia chochote.

Walianza kuteremka As-Sayl. Elphas alipunguza gia, akamtupia Yassir jicho la pembeni ili asome uso wake kwenye kona ya kwanza, maana uso wa fundi ungemwambia kuliko maneno yake. Yassir alikuwa amefumba macho. Elphas alijiambia anajifanya. Kona ya pili, kichwa cha Yassir kiliangukia kioo. Kona ya tatu, mdomo ulifunguka, akaanza kukoroma. Mtu anayejua kuna ubaya chini ya gari halali ndani yake kwenye mteremko ule. Elphas aliendesha mpaka bonde bila kumwamsha, na alipofika kwenye njia ya kuizunguka Makka aligundua kwamba ameshika usukani kwa mkono mmoja.

Jeddah, bosi aliwapokea akiwa amesimama yadini. Alimwita Yassir mwizi wa boksi. Yassir alimjibu kwa Kiarabu, polepole, kwamba boksi liko kwenye gari lake mwenyewe bosi, na lile bovu liko Riyadh kwa fundi, pamoja na vipande vya nati, endapo kuna mkubwa yeyote atakayependa kuviona. Bosi aliingia ofisini akafunga mlango. Neno huruub halikutajwa tena. Yassir hakurudi gereji. Alijibanza kwa jamaa zake mtaa wa Bani Malik, na mwezi haukwisha kabla hajapata kazi Riyadh, katika gereji isiyo mbali na banda la Jackton. Siku tisini za Elphas zilipotimia, naye alihama.

Hawakuwa marafiki, si hasa. Walikutana baadhi ya Ijumaa kwa Jackton, wakala samaki kwa mikono, wakaongea habari za nyumbani. Ilipita karibu nusu mwaka kabla Elphas hajamwuliza, Jackton akiwa amekwenda kunawa, kama angempigia simu siku ile endapo Abel hangetokea kumwambia lori liko Riyadh. Yassir aliuchambua mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani.

"Sijui, ndugu yangu," akasema.

Elphas alimsogezea limau. Katika yote aliyomwambia tangu mwanzo, hilo ndilo aliloliamini bila kulichunguza.